Nazi ya Ba Kanku Iliyotangulia

Paukwa!

— Pakawa!

Nimesema paukwa, na wale wa nyuma nao wasikike.

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa chai!

Ya nani?

— Ya Ba Kanku!

Anainywa?

— Haigusi!

Basi kaeni vizuri, niwaambie kwa nini.

Hapo kale, si kale sana maana lami ilikuwapo, aliishi mama mmoja wa Kihindi katika mji wa mkonge, chini ya milima. Jina lake Kanku. Wanawe walimwita Ba, yaani mama, na mji mzima ukamwita hivyo hivyo. Ba alipenda chai. Nikisema alipenda, msifikirie hivi mnavyopenda ninyi. Chai yake ilikuwa ya maziwa, na tangawizi ya kuponda, na iliki mbili, ichemke ipande mpaka ukingoni mara tatu ndipo iepuliwe. Alikunywa alfajiri, akanywa saa nne, akanywa alasiri. Mtu akipita barabarani akisikia harufu ile, alijua Ba yu mzima.

Mwaka mmoja mjukuu wake, Hetal, akashikwa na homa. Siku ya kwanza, dawa. Siku ya pili, dawa. Siku ya tisa mtoto hakumjua mtu. Ba akasimama mbele ya picha ya Mama, yule Mungu wao anayepanda simba, akaweka nadhiri.

"Mama, niachie huyu. Akipona nitakuletea nazi kwa mkono wangu, mpaka hekaluni kwako kilimani. Na chai haitapita kooni mwangu mpaka siku hiyo."

Asubuhi yake Hetal akafumbua macho, akaomba uji.

Hekalu lenyewe lilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari. Unakwenda, unasali, unarudi, jua halijazama. Safari fupi kama hiyo nani angeishindwa? Mnanyamaza. Watu wa nyumba ile waliishindwa miaka miwili.

Mara ya kwanza alipanga Hasmukh, mwanawe mkubwa, baba yake Hetal. Huyu alikuwa mtu wa kalenda. Kalenda yao ile ukutani huonyesha saa njema na saa mbaya za kila siku, na safari ya hekaluni haianzi ila katika saa njema. Akachagua Jumapili, kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tatu. Vizuri. Lakini mkewe, Nirmala, hakuweza kusafiri bila chakula. Akapika mikate ya bizari, akakaanga chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu na karanga, akafunga achari za aina nne, akakumbuka ya tano. Walipofunga buti la gari, saa ilikuwa tatu na dakika mbili.

"Saa njema imekwisha," akasema Hasmukh.

Wakashusha vyakula, wakavila ukumbini.

Mara ya pili alipanga Nirmala. Akapika tangu jana yake, hilo alijifunza. Lakini Nirmala alikuwa mtu wa jamaa. "Tutakwendaje hekaluni bila kumwambia shangazi?" Shangazi akaambiwa. Shangazi akasema, na wale wa Korogwe? Wa Korogwe wakaambiwa. Gari moja likawa matatu, matatu yakawa basi, basi likahitaji dereva, dereva akawa na harusi ya dada yake. Safari ikafa. Wa Korogwe wakanuna mpaka leo.

Mara ya tatu wakapanga wote pamoja. Saa njema ipo. Chakula kipo. Watu ni wanne tu. Ba amevaa sari yake nyeupe, nazi kaipakata. Mguu wa Hasmukh unavuka kizingiti, na Hasmukh akapiga chafya.

Mnacheka. Katika nyumba ile hakucheka mtu. Kwao chafya mlangoni ni kuambiwa rudi ndani. Wakarudi. Nirmala akapika chai, akasahau, akamwekea na Ba kikombe. Ba akakitazama kikipoa.

Wiki ile Ba akaugua kifua. Akapona, lakini alipoinuka kitandani, magoti hayakuwa yale. Sasa nisikilizeni. Ba hakuogopa kufa. Aliogopa kufa na nadhiri shingoni, kisha nadhiri imrudie Hetal, kwa sababu iliwekwa kwa ajili yake. Hofu hiyo ilimkaa moyoni usiku na mchana, na hakumwambia mtu ila jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Bi Sikudhani, muuza kabichi.

"Ba," akasema Sikudhani, "mimi kila Ijumaa napita na pikapu chini ya kilima kile kile. Panda, twende."

"Hasmukh atasema saa mbaya."

"Na wewe utasema nini?"

Ba akaitazama pikapu. Kisha akacheka peke yake. Akaenda ndani, akamwita mwanawe kwa upole.

"Mwanangu, hebu nitazamie Jumatano."

Hasmukh alifurahi kuulizwa. Akavaa miwani. "Jumatano saa moja na nusu mpaka saa tatu. Nzuri sana, Ba. Lakini Jumatano mimi niko dukani."

"Najua. Nauliza tu."

Jumatano, saa mbili kamili, Ba akafunga kitambaa chekundu. Ndani yake nazi, popoo moja, na mchele kidogo. Akavuka kizingiti, hakuna aliyepiga chafya. Akavuka barabara, akamkabidhi Sikudhani.

"Nihifadhie mpaka Ijumaa."

Sikudhani akaifungia kabatini. Ilibidi, maana mkwewe alikwisha kuiona akaulizia mbuzi, akune atie kwenye maharage.

Ijumaa ikafika. Kumekucha, kabichi zimepakiwa, na Ba yuko kiti cha mbele, kitambaa chekundu mapajani. Hetal naye kapanda nyuma, kakaa juu ya magunia. Hasmukh akatoka mbio, mswaki mdomoni.

"Ba, shuka. Leo saa hii ni mbaya. Nimetazama."

"Nani anaondoka leo?" akauliza Ba. "Mimi nimeondoka juzi."

"Juzi? Juzi ulikuwa jikoni unachambua dengu."

"Mzigo wangu ulitoka Jumatano, saa njema, uliyoitazama wewe. Ukavuka kizingiti, ukalala nyumba ya watu. Marehemu baba yako alipokuwa akienda Bombay na meli ikachelewa, alifanya nini?"

Hasmukh akatoa mswaki mdomoni. Alijua. Alikuwapo. Ni desturi yao ya tangu zamani, msafiri akiwa hayuko tayari na saa njema inapita, mzigo wake hutangulizwa nyumba ya jirani. Mzigo ukishatoka, mwenyewe amehesabiwa ameondoka, hata kama bado yuko jikoni anachambua dengu.

Nirmala naye akafika, nywele hajachana. "Ba, tungoje kidogo nimwambie shangazi."

"Safari iliyoanza juzi unamwalikaje mtu leo?"

Nirmala akashika nywele zake, akaanza kuzifunga. Na hapo, jamani, vumbi la magunia likampanda Hasmukh puani. Akajizuia. Akajiziba kwa kiganja. Akapiga chafya ambayo mbuzi wa mtaa wa pili waliisikia.

Kila mtu akamtazama Ba.

"Chafya ya kizingitini inarudisha," akasema Ba. "Hii ni ya njiani. Ya njiani ni vumbi tu. Sikudhani, washa gari."

Likawaka. Hasmukh na Nirmala wakakimbilia gari lao wakafuata, yeye na kandambili, mkewe na chapati mbili za jana.

Ngazi za hekalu lile ni nyingi. Ba alipumzika mara ya kwanza, akapumzika mara ya pili, akapumzika mara ya tatu, na kila mara Hetal alimshika mkono. Hakumpa mtu nazi ile ambebee. Kuhani akaipokea, akaipiga kwenye jiwe. Ikapasuka pande mbili, nyeupe safi, maji yakamrukia Hetal usoni, na Hetal akacheka.

Ba akakaa chini sakafuni, akalia. Alilia kwa raha. Miaka miwili alikuwa amebeba kitu kifuani, na sasa hakipo, pumzi inashuka mpaka chini.

"Nilidhani sitafika," akamwambia Hasmukh.

"Nisamehe, Ba. Nilitaka safari yako iwe njema."

"Imekuwa njema, mwanangu. Wewe ndiye uliyenitazamia saa."

Chini ya ngazi palikuwa na kibanda cha chai. Sikudhani, kabichi keshashusha, alikuwa anawangoja. Akaagiza, akamweleza mwenye kibanda tangawizi iwe nyingi na ipande mara tatu. Ba akaletewa. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akavuta harufu, akanywa. Wote wakamkodolea macho.

"Vipi, Ba?" akauliza Hetal.

"Sukari haitoshi," akasema Ba, na akanywa mpaka akaona kitako cha kikombe.

Hasmukh akatoa kikaratasi mfukoni alichonakilia saa njema za kurudi. Ba akakichukua kwa upole, akakikunja mara mbili, akakiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Meza ikatulia. Kisha akainua kikombe kitupu kumwonyesha mwenye kibanda.

"Nyingine. Na hawa wangu uwape pia, hawajala."

Basi chai imeiva, nadhiri imefunguka, na hadithi nimeitua mahali pake. Kama ilikuwa tamu, mbaki nayo. Kama ilipungua sukari, kila mtu akaongeze ya kwake nyumbani.