Sanda ya Sengasu

Mtaa mmoja ulikuwa na chama cha kufa na kuzikana, na chama hicho kilijua kazi yake. Mtu akikata roho asubuhi, adhuhuri turubai limeshasimama, viti vimepangwa, sufuria ziko mekoni, na hata waliokuwa hawasalimiani na marehemu wanamlilia kwa zamu. Kila nyumba ilichanga. Kuchelewesha mchango wa maziko kulikuwa aibu kubwa kuliko kuchelewesha ada ya mtoto.

Mpishi wa chama aliitwa Sengasu. Mkono wake wa kulia ndio uliogeuza wali wa kila msiba, na watu walikiri, kwa sauti ya chini ipasayo msibani, kwamba hakuna harusi iliyowahi kuufikia wali ule. Mwaka mmoja mkewe, Bi Semeni, alisimama mkutanoni akaomba chama kiwakatie wanachama bima ya afya. Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba kulipia ugonjwa ambao haujaja ni kujichuria. Sengasu mwenyewe alipiga makofi. Hakuna aliyeuliza kuchangia sanda kabla ya kufa kunaitwaje. Wakanunua turubai jipya.

Kisha kiharusi kikampata Sengasu, akiwa anapepeta mchele. Mdomo ukaenda upande, mkono na mguu wa kulia vikalala kama vya mtu mwingine. Hospitalini wakamwokoa. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa fundi viatu mmoja, ugonjwa uleule, upande uleule, ila yeye alikuwa na bima. Kila asubuhi mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja kumnyanyua fundi viatu, akaufundisha mguu kukanyaga na vidole kushika. Sengasu alitazama. Daktari alimwambia Semeni bila kuzungukazunguka: mazoezi yaanze mapema na yasikatike, maana kiungo kisichokumbushwa husahau. Lakini kila zoezi lilikuwa na bei yake, na kuku wa Semeni walikwisha kuuzwa kwa ajili ya kitanda na dawa. Sengasu akabebwa kurudishwa nyumbani, akalazwa na chupa ya mafuta ya kuchua.

Chama kikaja kumjulia hali. Hawakuwa watu wabaya. Walileta ndizi na uji. Mchimba kaburi alimtazama mgonjwa kwa macho marefu, toka utosini hadi nyayoni, kama mtu anayepima. Turubai lilikuwa limeshafuliwa. Semeni akaomba chama kimsaidie kulipia mazoezi, na mwenyekiti akasikitika kwa dhati kabisa.

"Shemeji, katiba yetu inasema marehemu. Huyu bado anapumua."

"Basi mhesabuni amekufa," Semeni akajibu. "Nipeni sanda yake leo nikamnunulie mkono. Siku akifa kweli, nitamzika kwa shuka langu."

Kisha kitandani ikatoka sauti, ya kwanza tangu ugonjwa uingie. Ilikuwa imepinda kama mdomo wenyewe, wakadhani anaaga. Sengasu alikuwa anacheka. Mchimba kaburi akashindwa kujizuia, naye akacheka, na mwenyekiti akajificha nyuma ya leso yake. Pale pale, kwa kauli moja, chama kikapitisha kwamba Sengasu amefariki, Mungu ampe afya.

Marehemu akaanza mazoezi. Aliwatukana wote waliomnyanyua, akalia, akacheka tena. Semeni alimpa donge la unga alikande mpaka vidole vikumbuke kazi yao. Mguu ulirudi ukichechemea. Mkono ulirudi nyuma yake, na haukurudi wote, kwa kuwa ulikuwa umesubiri sana. Fundi viatu siku hizo alikwisha kurudi kibarazani pake zamani, anashona soli na kubishana na wateja.

Mwaka ulipogeuka, wanachama wakadai hitima ya Sengasu, maana chama kinachozika hakiachi jambo nusu. Turubai likasimama. Wali aliupika marehemu mwenyewe, mwiko ameukamata kwa mikono yote miwili. Uliungua kidogo chini. Walikula mpaka ukoko, na mchimba kaburi akasema hajawahi kushiba hivi kwa msiba ambao hakuuchimbia. Sahani zilipoondolewa, Semeni akalileta tena lile shauri lake la bima, na safari hii hakuna aliyesema kujichuria. Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Sengasu aliunyoosha wa kulia. Ulifika begani tu, ukahesabiwa.

Nasi tulioshiba wali wa misiba mingi, tumechanga sana kumbeba jirani asiyeweza kutembea tena. Ni nani kati yetu amewahi kuchangia ili atembee?