Fuko na Mabomba Sita ya Mkuu wa Ununuzi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Jengo la serikali!

Na ndani ya jengo?

Baridi!

Na baridi yenyewe si mchezo, wenzangu. Serikali ya Wanyama ilijenga ofisi zake juu kabisa mlimani, eti kwa sababu mandhari yalipendeza. Makarani waliandika barua meno yakigongana, ta-ta-ta-ta. Wino uliganda. Chai, ukiisahau kidogo tu, nayo imeganda. Chumba kibaya kuliko vyote kilikuwa masijala, huko chini kwenye mafaili, na karani wa masijala alikuwa Bi Tungwa, mke wa Fuko. Kikohozi kilikuwa kimemkaa kifuani mwaka wa pili sasa. Koh! Koh! Koh! Fuko akimsikia, moyo unamuuma, maana alimpenda sana mkewe. Tena alijua jambo moja: chini ya jengo lile, ukichimba sana, ardhi ina joto. Yeye mwenyewe alizaliwa huko.

Basi serikali ikatangaza zabuni. Anatakiwa fundi wa kuweka mtambo wa kuvuta joto la ardhini, mabomba sita, ofisi zote zipate. Fuko akavaa koti lake, akaenda.

Mkuu wa Ununuzi alikuwa Kifaru. Mnene, ana pembe, na habari ya kugawana hataki hata kuisikia. Mafundi wengine, Ngiri na Nungunungu, walikuwa wameshayasoma masharti yake, wakarudi kwao bila kuaga.

"Bomba la kwanza litakwenda wapi?" akauliza Kifaru.

"Popote utakapo, Mheshimiwa."

"Ofisini kwangu. La pili?"

"Popote utakapo, Mheshimiwa."

"Ofisini kwangu. La tatu?"

Wakaenda hivyo hivyo mpaka la sita, na la sita nalo likaenda ofisini kwa Kifaru.

"Sharti la mwisho," akasema Kifaru. "Ukishauwasha mtambo, hayo ni majaribio. Hakuna kuugusa mpaka nisaini hati ya mapokezi. Na mimi, bwana mdogo, kusaini huwa sina haraka."

Kila fundi alijua maana yake. Bila hati hakuna malipo. Hati italala mezani, na wewe kila asubuhi utamletea mkokoteni wa majani mabichi ili umkumbushe.

"Naam, Mheshimiwa," akasema Fuko. "Yote nimekubali."

Akachimba. Chaka-chaka, chaka-chaka, asubuhi mpaka jioni. Mabomba yakapanda, yote sita yakaingia kwa Kifaru. Masijala halikwenda hata moja. Bi Tungwa akamtazama mumewe kwa jicho la upande.

"Baba Chipo, mimi umenisahau?"

"Vumilia, mke wangu. Wiki hii tu."

Siku ya majaribio ikafika. Mtambo ukawashwa. Ngrrrrr! Kifaru akajinyoosha kitini. "Aaah! Fungeni dirisha. Zibeni na ufa wa mlango, joto langu lisitoke."

Makarani wakaziba. Ngrrrrr! Kifaru akavua koti. Ngrrrrr! Akavua tai. Ngrrrrr! Jasho likamtiririka puani, to! to! to! likalowesha mafaili.

"Fuko! Zima!"

"Siruhusiwi kugusa, Mheshimiwa," akajibu Fuko mlangoni. "Ni majaribio."

"Basi punguza!"

"Kupunguza ni kugusa, Mheshimiwa. Kwa nini usitoke upunge upepo? Makarani wataingia wakutunzie joto. Wanasubiri hapa."

Kifaru akachungulia tundu la ufunguo. Kweli, makarani wamejipanga, wanasugua mikono.

"Waote joto langu? Wakalie kiti changu? Hata siku moja!"

Akarudi kukaa. Ngrrrrr! Masikio yakalegea. Ngozi ikawasha. Macho yakaona ofisi mbili.

"Nasaini!" akanguruma. "Lete hati! Yaondoe haya mabomba!"

"Yote, Mheshimiwa?"

"Yote sita! Yapeleke mbali! Yapeleke masijala huko, yakawachome wao! Andika, yasirudi tena!"

Fuko akaandika neno kwa neno. Kifaru akasaini. Muhuri ukapigwa, pah!

Masijala ilikuwa pana kama soko, kwa hiyo mabomba sita yaliipasha joto taratibu, na makarani wote wakahamishia meza zao huko. Bi Tungwa akakohoa Jumatatu, akakohoa kidogo Jumanne, Jumatano akaimba.

Kifaru naye, ngozi ilipopoa, baridi ikamrudia mara mbili. Akamwita Fuko. "Nirudishie japo moja."

"Ulisaini yasirudi, Mheshimiwa. Kubadilisha kunahitaji zabuni mpya. Miaka mitatu hivi, ikienda haraka."

Kesho yake Kifaru akashuka ngazi, pole pole, akasimama mbele ya kaunta ya masijala huku akitetemeka pembe na yote.

"Nikusaidie nini, Mkuu?" akauliza Bi Tungwa.

"Natafuta faili."

"Faili gani?"

Kifaru akatazama mabomba, akatazama chini.

"Lolote, mama. Ila litafute taratibu."

Ngano yangu nimeishusha hapa. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda alete malalamiko kwa maandishi, nakala tatu. Na funzo lake, watoto: msiwe wajanja kama Fuko. Mkubwa akitaka kitu, mpeni. Mpeni chote.