Leso ya Batuli

Kila pua ina kwao. Mmenisikia vizuri, sikusema kila pua ina kamasi, ingawa hilo nalo ni kweli na mmoja wenu hapa analithibitisha. Nimesema ina kwao.

Tangu asubuhi nawasikia mnagombana juu ya kichupa cha Saumu. Huyu kasema marashi yenyewe yananuka poda ya mtoto. Yule kasema yananuka sanduku la nguo za marehemu babu yake. Na wewe mwenye mdomo wa cherehani umesema ni vumbi la chaki. Saumu kanuna, maana kaletewa kutoka Maskati, na aliyemletea tunamjua. Sasa mnataka niamue nani mkweli. Siamui. Endeleeni kuchambua mchele, niwaeleze neno hilo lilizaliwa wapi. Lilizaliwa hapa hapa Pangani, kwa sababu ya leso moja nyeupe isiyozidi upana wa sinia.

Zamani mtaa wetu ulikuwa na ada yake. Mwari akishawekwa ndani, somo wake, yaani mwanamke anayemfunda, humtengenezea unga wa kunukia, tibu, na kila somo na siri yake. Leso hulazwa kutwa nzima ndani ya unga ule, kisha siku tatu kabla ya nikahi hukunjwa ikapelekwa nyumbani kwa bwana harusi. Wanawake wa huko huinusa. Leso ikikaa, mambo sawa. Ikirudi, hakuna nikahi mpaka wazee wakae. Na wazee wakikaa kuzungumzia harusi ya mtu, huinuka wakiwa wamekumbuka ugomvi wa shamba.

Mwari wa hadithi hii aliitwa Batuli, binti wa Bi Kazija. Somo wake alikuwa Bi Mgeni, mwanamke mfupi, mcheshi, ambaye dunia ilimpiga kila upande akabaki anauliza kama imechoka. Ndiye aliyenifunda na mimi, kwa hiyo haya nimeyapata kwake mwenyewe.

Batuli alikuwa na taabu moja: udi ulimuumiza kichwa. Chetezo kikiingia mlangoni, yeye hutafuta dirisha. Bi Mgeni akaona huyu hafai kutiwa manukato ya vishindo. Akachukua liwa, ule unga wa msandali, akachukua mawaridi makavu, akatia karafuu kwa kuogopa ogopa, kisha akachanganya na unga wa mchele uliochekechwa mara tatu kwenye mtandio, mpaka ukawa mwepesi hata ukipumua karibu nao unahama. Harufu yake haikukurukia. Ilikuja polepole kama mgeni mwenye adabu, anayepiga hodi kisha akasubiri. Bi Mgeni aliipenda sana, akaiita Taratibu.

Jumanne asubuhi leso ikapelekwa kwa Bi Salha, mama wa bwana harusi. Bi Salha alikuwa mjane, akiishi nyumba moja na wifi yake Bi Tausi, dada wa marehemu mumewe, kwa miaka kumi na tisa. Wakiketi kitanda kimoja, wakila sahani moja, wakiteta watu wale wale.

Bi Salha aliinusa leso mara moja tu, akaiweka chini kama kaa la moto. Akasema inanuka maiti.

Bi Tausi akaiokota. Yeye aliinusa muda mrefu, zaidi ya adabu, kisha akasema hapana maiti hapo. Hiyo ni harufu ya mtoto anyonyaye. Akaongeza, kwa ile sauti ya chini inayosikika hadi uani, kwamba mwari hanuki hivyo ila awe amelea.

Kabla ya adhuhuri leso ilikuwa imerudi kwa kina Batuli, imekunjwa ndani nje.

Basi hapo ndipo mtaa ulipokosa usingizi wa mchana. Bi Kazija alikaa, akasimama, akakaa, akasimama tena akasahau alichosimamia. Mchele ulikwisha kupetwa, mbuzi wawili wamefungwa uani wanalia, mpishi wa pilau keshakula malipo yake ya mwanzo. Alimfuata Bi Mgeni akamuuliza ametia nini. Bi Mgeni akamtajia yote: liwa, waridi, karafuu, unga wa mchele. Jirani alikuwa anapita akalidaka neno karafuu, akalipeleka nyumba ya pili. Nyumba ya pili wakauliza, karafuu gani? Na mnajua wenyewe ile dawa nyeupe ya kutilia wafu inaitwaje. Lilipofika nyumba ya tano lilikuwa karafuu maiti. Laiti kitu kile kingepewa jina jingine, nusu ya fitina ile isingepata pa kukalia.

Kila mtu akawa na shughuli ya kupita kwa Bi Kazija. Hawakuja kutoa pole, walikuja kunusa. Kinyozi alisema inanuka kama shingo ya mteja wake wa asubuhi. Mwalimu wa chuo akasema ni msahafu wa zamani uliofunguliwa. Muuza visheti akasema yeye hasikii chochote isipokuwa samli, na huyo walimsamehe, maana hata waridi angelisikia samli. Kila mmoja aliapa. Na kila aliyetoka pale alikuwa na uhakika zaidi kuliko alivyoingia, na Bi Kazija anazidi kuchanganyikiwa.

Batuli alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anayasikia yote. Mwari hatakiwi kusema. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka ule ule, anaufumua, anausuka tena. Nassoro, mchumba wake, aliletewa habari akafanya walivyofanya wanaume wengi wa mtaa huu, alikwenda kutazama maji.

Alhamisi asubuhi ikaja salamu kutoka kwa Bi Salha. Kwa kuwa maneno yamekuwa mengi, na kwa kuwa jina la kijana wake limo, anaomba mkunga aje amkague binti siku ile ile kabla ya alasiri. Mkunga akisema hajazaa, leso itapokewa. La, posa irudishwe.

Bi Kazija, kwa kuchoka tu, alikuwa tayari kukubali. Alijiambia, binti yangu namjua, ana hofu gani? Akamtuma Bi Mgeni aingie akamwandae mwari.

Batuli akaacha ukili. Akavunja mwiko wa kusema.

“Somo,” alisema, “nikikaguliwa nikaonekana sina kitu, nitaitwa nani?”

“Utaitwa bibi harusi.”

“Nitaitwa yule aliyekaguliwa. Nikizeeka nitaitwa bibi aliyekaguliwa. Siendi.”

“Na harusi ikivunjika?”

“Ikivunjika, nitalia. Kulia nakuweza.”

Bi Mgeni aliniambia kwamba siku ile ucheshi wote ulimtoka, maana unga aliuchekecha yeye kwa mikono yake, na sasa unamfunika binti wa watu. Hakubishana naye. Aliichukua leso, akajitanda buibui, akatoka upesi upesi. Njiani akakutana na mkunga. Akamwambia arudi nyumbani akatandike kitanda chake, hakuna kazi.

Alipofika kwa Bi Salha aliwakuta mawifi wawili wameketi baraza ya ndani. Hata wao walikuwa hawana raha. Bi Tausi alikuwa amekata kucha mpaka ameingia nyama. Bi Mgeni hakuketi alipokaribishwa. Akaikunjua leso.

“Bi Salha, sikuulizi hii inanuka nini. Hilo umeshalijibu na mtaa mzima umeshiba. Nakuuliza mara ya mwisho uliinusa wapi.”

Bi Salha alisema anajua harufu ya maiti, hahitaji kuulizwa. Bi Mgeni akamwambia ndiyo, lakini maiti gani? Maiti wananuka karafuu maiti, na ndani ya leso hamna hata chembe, anuse tena.

Bi Salha hakutaka. Kisha akanusa, akafumba macho, na sauti ikawa nyingine.

Akasimulia kwamba mama yake alifariki mwaka wa vita, maduka yakiwa matupu, hakuna karafuu maiti wala marashi ya chupa. Wakatafuta kila nyumba wakapata kipande cha liwa na mawaridi makavu ya mtu, wakayasaga, wakaona hayatoshi, wakaongeza unga wa mchele. Yeye ndiye aliyempaka mama yake usoni, akiwa na miaka kumi na sita. Tangu siku hiyo hajapata kuinusa mpaka Jumanne.

“Kwa hiyo sikusema uongo,” alisema.

“Hukusema uongo, dada yangu. Ulisema mama yako. Ila ulimtaja kwa jina la Batuli.”

Kisha Bi Mgeni akamgeukia Bi Tausi, akamnyooshea leso. Bi Tausi hakuipokea. Akasema maji ya kuoshea vyombo yamekwisha, akasimama. Wifi yake akamwambia maji yapo. Akasema basi kuni. Kuni zilikuwa zimepangwa mpaka dirishani.

“Tausi,” alisema Bi Salha, “mtu kaulizwa swali dogo.”

Bi Tausi alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye nguzo. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba hapa Pangani hakuzaa, kila mtu anajua. Lakini kabla ya kuja hapa aliwahi kuolewa Kipumbwi, na hilo pia watu wanalijua. Wasilolijua ni kwamba huko alipata mtoto wa kike. Alikaa naye siku thelathini na nane. Mtoto alikuwa na vipele vya joto, na mama mkwe akamfundisha kumpaka unga wa mchele na liwa shingoni, kwenye mikunjo, kila akimwogesha. Alipokufa, mume akamwambia asimtaje, kumtaja mtoto aliyekufa kabla ya arobaini ni kuita mwingine afe. Akanyamaza. Akaachwa, akarudi kwa kaka yake, akaendelea kunyamaza.

“Niliponusa leso,” alisema, “nilijua ni shingo ya mtoto. Nilijua kabisa. Nikaona mwenye mtoto lazima yupo mahali.”

“Yupo,” alisema Bi Mgeni. “Kumbe yupo hapa.”

Bi Salha alikuwa anamtazama wifi yake kama mtu aliyelala chumba kimoja na mwenzake miaka kumi na tisa, leo ndiyo anaona kina mlango wa pili. Mwishowe akamuuliza mtoto aliitwa nani.

“Mwanaheri.”

Bi Salha akalirudia jina, mara mbili, taratibu, kama anayejaribu kama linakaa mdomoni.

Hapo ndipo Bi Mgeni alipoketi bila kukaribishwa. Akasema leso ni moja, unga ni mmoja, na mikono iliyouchanganya ni hii hapa. Mmoja umempeleka mazishini, mmoja umempeleka kwenye kitanda cha uzazi. Mwalimu umempeleka kwenye msahafu na kinyozi kwenye shingo ya mteja. Huko kote Batuli hakuwako, alikuwa bado hajazaliwa au alikuwa ndani anasuka ukili. “Kila pua ina kwao,” alisema. “Mkishanusa, kila mmoja arudi kwao. Msimtume mwanangu akakaguliwe kwa ajili yenu.”

Basi mngedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Bi Salha aliifuta mikono yake kwenye kanga, akasema jambo la kweli, na kweli hiyo ilimuuma kuisema: yeye binti anamtaka, jina la binti ni safi, na mtu yeyote atakayesema vingine atakutana naye sokoni. Lakini leso hawezi kuiweka. Ikilala humu ndani, atakuwa anamwosha mama yake kila siku. Na leso isipokaa, ada inasema hakuna nikahi. Alasiri ilikuwa inakaribia, Bi Mgeni akaona kazi yote imerudi mwanzo.

Bi Tausi akatoka mlangoni. Akaichukua ile leso mkononi mwa Bi Mgeni, akaikunja upya, upande wa nje ukawa nje, akaitia kifuani mwake ndani ya gauni.

“Ada inasema ikae nyumbani,” alisema. “Haikusema kwa nani.”

Kesho yake Batuli aliolewa. Wakati wa kupokea mwari, aliyetoka kumshika mkono mlangoni, kinyume cha mazoea, alikuwa Bi Tausi, na Bi Salha alisimama nyuma yake, leso yake mwenyewe puani, akisema ana mafua. Batuli alipozaa binti, hakuna aliyeuliza ataitwa nani. Mwanaheri huyo aliishi mtaa huu mpaka akazeeka, na mnamkumbuka alivyopenda kufoka.

Na neno la Bi Mgeni likabaki. Watu walianza kulitumia kwenye manukato, kisha kwenye chakula, kisha kwenye watu. Mimi mwenyewe niliolewa kwa unga ule ule wa Taratibu, mume wangu wa kwanza akasema unamkumbusha nyumbani kwao. Nikafurahi sana. Sikuuliza nyumbani kwao kulikuwaje. Ningeuliza, ningejiokolea miaka minne.

Kwa hiyo, Saumu, funika kichupa chako, usinune. Mwenye poda ya mtoto kasema kweli yake, mwenye sanduku la babu kasema yake, na wewe wa chaki, nadhani shule ilikuchapa vizuri. Mtu akikwambia unanuka nini, msikilize, atakuwa anakueleza alikotoka. Kila pua ina kwao.