Ufa Uliowatenga Koinet na Namelok

Paukwa!

Pakawa!

Aa, watoto wameitika, wazazi wao wanatafuna. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hata waliolala wamesikia.

Hapo zamani za kale, kabla bonde halijawa bonde, palikuwa na uwanda mpana, umenyooka kama mkeka. Hapo waliishi Digidigi na mkewe. Mume aliitwa Koinet, maana yake mrefu, naye hakufika goti la pundamilia. Mke aliitwa Namelok, maana yake mtamu, na siku hiyo hakuwa mtamu hata kidogo.

Waligombana. Waligombana kwa ajili ya tunda la mkole, la mwisho kichakani. Koinet alilila.

"Umelila?" akauliza Namelok.

"Lilikuwa bovu."

"Bovu, na umelila?"

Koinet akageuza uso. Akanuna. Akaenda kusimama kando kidogo, akampa mkewe mgongo.

Ndipo nchi ikakohoa.

Ngrrrr. Ngrrrr. Kwaaaa!

Vumbi juu. Pimbi, jirani yao wa mwambani, chini. Vumbi lilipotulia, kati ya mume na mke pana ufa. Ufa mrefu, ufa mweusi, upana wake hata swala haruki.

"Mume wangu," Namelok akaita, "mbona umeondoka?"

"Sijaondoka. Nimesimama palepale. Wewe ndiye umeondoka."

"Mimi? Sijainua hata ukwato."

"Na mimi vilevile."

Wakatazama miguu yao. Miguu minane, yote imetulia, na bado wametengana. Hapo kununa kukamtoka Koinet, na woga ukaingia. Digidigi hawakai mbalimbali, ndugu zangu. Wakishaoana wameoana. Akilala huyu, yule yuko macho. Akinusa yule, huyu anasikiliza.

Wanyama wakaja mbio. Akaja Nyumbu, akaja Ngiri, akaja Twiga. Nyuma yao, kutoka ziwani, akaja Kiboko, mkuu wa uwanda, anapumua, puu, puu, puu. Akautazama ufa upande huu, akautazama upande ule.

"Nchi haitembei," akasema. "Mimi ndiye ninayeikalia. Ingetembea, ningejua."

"Mzee," akasema Namelok, "mume wangu yuko ng'ambo."

"Basi tutaivuta irudi."

Twiga akanyoosha shingo, akatupa kamba ya mizabibu ya porini hadi ng'ambo. Koinet akaizungusha kwenye mwamba mkubwa. Wanyama wote wakaishika upande wa huku.

"Haya, vuteni nchi!"

Wakavuta. Heee-ya! Nchi kimya. Heee-ya! Nchi kimya. Ngiri akavuta hadi mkia ukasimama. Nyumbu akavuta, akasahau anavuta nini, akauliza, akaambiwa, akavuta tena. Heee-ya!

Pwaa! Kamba ikakatika. Nyumbu akamkalia Ngiri. Ngiri akamkalia Pimbi. Twiga akajifunga fundo la miguu. Kiboko akabingirika, bingiri, bingiri, bingiri, mpaka ziwani, chubwi! Nusu ya ziwa ikatoka nje.

Pimbi akacheka. Wote wakacheka. Hata Koinet, huko ng'ambo, akacheka, kisha akakumbuka yuko ng'ambo, akanyamaza.

Mara udongo ukafutuka karibu na miguu ya Namelok. Akatokea Fuko, pua imebabuka, masharubu yameungua.

"Nani anaruka juu ya paa langu?" akafoka. "Hamjui nina msiba? Chumba changu kiko huku. Jiko langu liko kule. Nimelala nina nyumba moja, nimeamka nina mbili, na zote nusu."

"Umeungulia wapi?" akauliza Namelok.

"Nilikuwa nalitafuta jiko langu. Nikachimba chini. Nikachimba chini zaidi. Kuna joto huko, mama. Mmewahi kuona sufuria ya uji? Juu unaganda utando, chini unatokota. Uji wa moto unapanda, unatandaa huku na huku, unaukokota utando. Utando unapasuka, vipande vinaachana. Sisi tuko juu ya utando."

"Uongo," akasema Kiboko toka majini.

"Pua yangu ni ya uongo?"

Namelok hakubishana. Akasogea ukingoni, akachungulia. Ukuta wa huku ulikuwa na mistari: mwekundu, mweupe, mweusi, mwekundu tena. Akaangalia ukuta wa ng'ambo. Mwekundu, mweupe, mweusi, mwekundu tena.

"Ulikuwa ukuta mmoja," akasema. "Kama mkate uliomegwa. Koinet, hatukuondoka mimi wala wewe. Tumebebwa."

"Na vipande vikikutana huko mbele?" akauliza Pimbi.

"Vinasukumana kama nyati wawili," akasema Fuko. "Nchi inakunjamana, inakuwa milima. Kingine kinazama chini ya mwenzake, na juu yake panatoka moto na moshi. Siku nyingi vinatambaa polepole, kama kucha inavyoota. Siku nyingine vinashtuka. Leo vimeshtuka."

Ssssss. Mvuke ukaanza kutoka ufani. Maji ya ziwa nayo yakaanza kuteremka humo, glu, glu, glu.

"Kesho tutavuta tena," akasema Kiboko. "Kila mtu abaki hapa."

Namelok akamgeukia Fuko. "Ufa huu una mwisho?"

"Nguo ikichanika, kuna mahali haijachanika bado. Ila inaendelea kuchanika."

Namelok hakuaga. Akashika njia ya kusini, tipu tipu tipu tipu. Koinet naye, ng'ambo, tipu tipu tipu tipu. Huyu huku, yule kule, ufa katikati.

"Koinet."

"Naam."

"Lile tunda."

"Lilikuwa tamu," akasema Koinet. "Lilikuwa tamu sana. Nisamehe."

"Nilijua."

Wakaendelea. Ufa ukapungua. Ukawa kama mto, ukawa kama mfereji, ukawa kama njia ya sungura. Mbele kabisa ulikuwa mwembamba kama mkia wa mjusi. Koinet akapunguza mwendo.

"Twende hadi mwisho," akasema. "Huko nitatembea tu, sina haja ya kuruka."

Ngrrrr.

Mkia wa mjusi ukakimbia mbele yao, kwaaa, ukapotea vichakani. Na pale waliposimama, njia ya sungura ikaanza kuwa mfereji.

"Ruka," akasema Namelok.

"Ni mpana."

"Kesho utakuwa mpana zaidi. Mimi nakuona sasa. Ruka sasa."

Koinet akaitazama miguu yake mifupi. Akarudi nyuma. Akakimbia, tipu tipu tipu, akaruka. Kwato za mbele zikashika ukingo, za nyuma zikapiga hewa. Udongo ukamomonyoka. Namelok akamuuma sikio, akavuta. Akavuta kuliko Nyumbu, akavuta kuliko Ngiri. Puu! Wakaanguka pamoja, pua kwa pua, wakacheka hadi wakakosa pumzi.

Na Kiboko? Alivuta nchi mpaka ziwa likaisha chini yake. Akabaki tope shingoni, akitangaza kwamba hajasogea. Ni kweli, hakusogea. Nchi ilisogea naye.

Koinet akajikung'uta, sikio linamwasha. "Sasa tutaishi upande gani, mke wangu? Huku au kule?"

"Wowote," akasema Namelok. "Mradi tuwe upande mmoja."

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Nchi tunayoikanyaga haijatulia, na hakuna mwenye nguvu za kuisimamisha. Usishindane na kisichozuilika. Mshike mwenzio, na ufa ukiwa mwembamba, ruka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aibebe kwao, aliyesinzia amuulize jirani.