Kibuyu cha Mzee Sekimweri

Paukwa, wajukuu!

Pakawa, bibi!

Haya, kaeni, msisukumane.

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji kilichokunywa na kulima kwa maji ya mfereji. Desturi yao, mke aliyeolewa karibuni ndiye aliyefungua banio, mlango wa kuingizia maji mferejini, msimu wa kupanda.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Naetwe. Akainama, akachomoa gogo. Maji yakaingia mferejini, chwaa! Yakasimama. Kisha yakageuka, yakarudi mtoni.

Naetwe akabaki na gogo mkononi, mdomo wazi.

Mama mkwe akasema mwali huyu kaja na mkosi. Akamfungia mkeka wake, arudi kwao kabla jua halijatua. Mume akatazama vidole vya miguu yake.

Mzee Sekimweri, aliyeuchimba mfereji ule ujanani, akaomba jambo moja tu: watu wote wapande hadi banioni, vikongwe na wachanga, kila nyumba na kibuyu chake cha maji, asije mtu kusema hakuona. Wakacheka, eti mzee anakwenda kuunywesha mlima. Lakini wakapanda.

Akakata kibuyu nusu, akakijaza pomoni, akakiweka sakafuni mwa mfereji. Ndivyo alivyopima mwinamo akichimba, kwani maji humwagikia upande ulio chini, na enzi hizo maji yalimwagikia upande wa mashamba. Leo yakamwagikia mtoni. Wengine wakaweka vyao. Mtoni. Mtoni. Mtoni.

Mzee akauliza, "Naetwe, utando wa uji ukichemka hufanyaje?"

"Huvimba, babu. Halafu hupasuka, ukabonyea."

"Basi chini ya mashamba yetu mawe yameyeyuka, yanachemka. Si wewe uliyegeuza maji. Nchi imevimba."

Mama mkwe akaguna. "Mawe yawe uji? Mzee, wewe una njaa."

Hajafunga mdomo, gu, gu, gu! Bonde likabonyea. Nyumba, mashamba, mkeka uliofungwa, vyote vikazama wakitazama. Ng'ambo ya bonde mawe ya moto yakafoka, yakarundikana yakawa kilima.

Hakuna aliyelia. Walisimama tu, vibuyu vitupu mikononi.

Mto ukapinda, ukamwagikia shimoni, chwaa, chwaa, miaka na miaka, likawa ziwa. Kilima nacho kikafoka na kufoka, vizazi kwa vizazi, kikawa mlima wenye mito yake.

Lakini siku ile mama mkwe alimsogelea Naetwe.

"Mwanangu, sina pa kukufukuza, wala sina pa kukuweka."

Naetwe akafungua nguo aliyojitanda mgongoni, akaitandika majanini.

"Kaa, mama."

Ndiyo maana nawaambia, wajukuu: maji yakirudi nyuma, pimeni ardhi kabla hamjamfukuza mtu. Hadithi yangu imefika ziwani, nami naiacha hapo hapo.