Shamba Lililolala kwa Jirani

"Shamba lisilo ukuta hulala kwa jirani." Mmecheka weee, sasa ndiyo mnauliza ilitoka wapi! Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa milimani Upare, na chanzo chake ni baraza.

Kadeghe alitaka baraza la mawe mbele ya nyumba yake, wageni wakae wamsifu. Kwenda kuchimba mawe mbali aliona uvivu. Shamba lake la tangawizi lilishikiliwa na kuta za mawe walizojenga mababu ili udongo usiporomoke. Akazing'oa. Alipoonywa alijibu, "Kuta za wafu zinamlinda nani?"

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi yake Kadeghe yuko barazani anakunywa chai, akamwona Nakiete, jirani yake wa bondeni, anapandisha na kapu kichwani. Alipofika akalimwaga miguuni pake: udongo mweusi, na tangawizi ndani yake.

"Mama, nini tena hiki?"

"Shamba lako, baba. Limelala kwangu, limeingia mpaka jikoni bila hodi. Nimekuletea kidogo ulitambue."

Kadeghe alikurupuka mbio hadi shambani. Nusu nzima ilikuwa mwamba mtupu! Na mawingu mazito yalikuwa yanakusanyika tena. Mvua ya pili ikichukua nusu iliyobaki, wanawe watakula nini?

Akarudi, akashika mtaimbo, akaanza kubomoa baraza lake. Nakiete kuona hivyo akapiga yowe la msaragambo, ile kazi yetu ya wote. Baragumu likaitika! Watu wakamiminika, wakajipanga kutoka nyumbani hadi shambani, mawe yakapita mkono kwa mkono, wazee wakielekeza lipi likae chini na lipi libane. "Leta! Leta!" Jiwe la mwisho halijatulia vizuri, mvua ikamwagika.

Hakuna aliyekimbilia ndani. Walisimama wakilowa, macho kwenye ukuta. Maji yakapenya katikati ya mawe, yakatoka meupe, udongo ukabaki. Vigelegele, jamani! Nakiete alicheza matopeni.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya mvua, tunazikarabati kuta kwa msaragambo. Kadeghe alipokea wageni wake juu ya gogo hadi uzeeni. Mgeni akiuliza baraza liko wapi, alionyesha ukutani akicheka:

"Lile pale, nimeliachia shamba lilikalie. Shamba lisilo ukuta hulala kwa jirani!"