Njia ya Bwawa Lililoganda

"Barafu ya asubuhi si daraja la mchana." Mmeisikia kwa shangazi yenu mkacheka, kwa kuwa barafu mnayoijua ninyi ni ya friji tu. Haya, punguzeni kelele niwaeleze. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo Mchaga mmoja, Ndekirwa, aliyebeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro kwa miaka ishirini. Alipoacha kazi akabaki na maneno. Kila siku aliwasimulia mkewe Aikaeli na binti yao Nambua habari za maporomoko yanayoganda huko juu wakati wa kipupwe, maji yakaning'inia mwambani yasidondoke. Nambua alikuwa na miaka kumi na miwili. "Baba, hapo umetia chumvi," akasema. Maneno hayo yakamchoma Ndekirwa. Mwezi wa saba akawapandisha wote wakajionee.

Siku ya tatu asubuhi wakafika, na Aikaeli akabaki kinywa wazi. Maji yalikuwa yameganda kutoka juu hadi chini, na vijiti vya barafu vimening'inia ukingoni mwa mwamba, vikubwa kwa vidogo, kama ndizi mkunguni. Chini palikuwa na bwawa, nalo limeganda. Ndekirwa akaligonga kwa fimbo, wakavuka mmoja mmoja hadi kwenye pango nyuma ya maporomoko. Nambua akavunja kijiti cha barafu, akakimumunya, akamwomba baba yake radhi. Mzee alifurahi kupita kiasi. Akachemsha chai, akaanza masimulizi upya, na jua likapanda.

Aikaeli ndiye aliyesikia matone. Kisha akaona maji yakitiririka juu ya barafu ya bwawa.

"Baba Nambua, tuzunguke kule kwenye mawe."

"Tuzunguke tupotee? Mama Nambua, sisi wagumu, wapagazi wa mlima, tuna sheria moja: njia iliyokuleta ndiyo ikurudishe. Imenitoa kwenye ukungu mara ngapi!"

"Ukungu hauyeyushi njia."

"Wewe mlima huu umeupanda mara ngapi?"

Aikaeli akanyamaza, na kunyamaza huko alikujutia sana. Nambua, mtoto mtiifu, alikwisha kuanza kuvuka. Hatua ya nne barafu ikalia, ikapasuka. Akazama hadi kifuani, na mkondo ukaanza kumvutia chini ya barafu. Aikaeli akalala kifudifudi ukingoni, akafungua kitenge chake kiunoni akakirusha.

"Shika, mwanangu! Zungushia mkononi!"

Ndekirwa akamshika mkewe miguu, wakavuta pamoja. Mtoto akatoka akitetemeka, meno yakigongana, lakini mzima.

Walirudi kwa kuzunguka mawe. Mzunguko huo peke yake uliwachukua saa nne, Nambua mgongoni kwa baba yake.

Walipofika nyumbani, Ndekirwa hakuingia ndani. Alipitiliza kihambani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, akakata jani la isale, ambalo Wachaga hupelekeana wakiombana radhi, akalipiga fundo. Akampa mkewe kwa mikono miwili. Aikaeli alikuwa na hasira bado, hasira ya kumfukuza mtu. Lakini isale haikataliwi, akaipokea.

"Sasa sema ulichokosea," akamwambia. "Na umwambie mtoto, si mimi."

Ndekirwa akachuchumaa mbele ya Nambua.

"Mwanangu, nilisema tupite pale kwa sababu tulikuwa tumepita. Mama yako aliona, mimi nikakumbuka tu. Barafu ya asubuhi si daraja la mchana."